Gonga, Nisikie

Majirani wa Mwalimu Paskazia walikuwa wameanza kumhurumia. Mtu mzima mwenye akili zake, mwalimu wa useremala wa chuo cha ufundi pale Ifakara, anakaa barazani kila siku saa moja asubuhi, simu sikioni, macho ameyafumba, anapiga kelele: "Gonga! Gonga tena! Siyo kwa nyundo, nimesema konzi! Haya, sasa mguu ule mwingine." Kisha kimya, kichwa kimelala upande kama kuku aliyesikia mwewe. Halafu anasema kwa masikitiko, "Hapana. Huo umelegea. Kesho."

Mama Viktor, jirani wa ukuta kwa ukuta, alivumilia wiki nzima. Siku ya nane akavuka uani na kanga yake kifuani.

"Mwalimu, niambie ukweli wa Mungu. Ni nani huyo unayemwambia agonge?"

"Wanafunzi wangu."

"Wanagonga nini?"

"Viti."

Mama Viktor akamtazama yeye, akaitazama simu, akatazama na mawingu. "Haya," akasema, "mimi sina neno." Akarudi kwake taratibu.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, maana na wewe utadhani Paskazia alikuwa amerukwa, na hakuwa amerukwa hata chembe.

Mwaka 2020, mwezi wa tatu, shule na vyuo nchi nzima vilifungwa kwa sababu ya ule ugonjwa. Wanafunzi walifunga mabegi wakaondoka, huyu Kiberege, yule Mbingu, mwingine Kivukoni. Kwenye karakana ya useremala zikabaki meza, randa zimepangwa ukutani, na vumbi la mbao ambalo hakuna wa kulifagia. Paskazia alikuwa na wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa kwanza. Watatu tu ndio walikuwa na simu ya kupangusa. Wengine walikuwa na kitochi, na baadhi hata hicho kitochi kilikuwa cha baba au cha mjomba.

Mkuu wa chuo, Bwana Donati, akaita kikao. Huyu Donati ni mnene, na simsengenyi, mwenyewe anajivunia. Akikaa kwenye kiti, kiti kinatoa taarifa. Akasema nadharia itafundishwa kwa simu. Vitendo basi. Wa mwaka wa kwanza wataanza upya Januari pamoja na wapya.

"Mkuu, watoto warudie mwaka mzima?" Paskazia akauliza.

"Sasa tufanyeje? Utamfundisha mtu kupiga randa kwa simu? Si ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa barua?"

Watu wakacheka. Paskazia hakucheka. Alikuwa anamfikiria Nyamizi.

Nyamizi alitokea Mbingu, binti wa Masanja, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Masanja alimleta mwenyewe chuoni, fimbo mkononi, akasimama katikati ya karakana akiangalia misumeno. Wakati wa kuondoka ndipo akamgeukia Paskazia: "Mwalimu, miaka miwili. Ile siku ya kwanza ya mwaka wa tatu namfuata mwenyewe, awe amejua, awe hajajua." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja siku ya mnada. Kwa hiyo Nyamizi akirudia mwaka, kwake huo ndio mwisho wa chuo. Na huyu ndiye msichana ambaye mara ya kwanza kushika patasi aliuliza maswali tisa kabla ya kukata hata mara moja! Paskazia aliyahesabu kwa vidole. Alikuwa hajawahi kupata mwanafunzi wa namna hiyo, na roho ilimuuma kweli.

Basi ulimi ukamponyoka. "Mkuu, siku chuo kikifunguliwa, kila mmoja ataweka mbele yako kigoda alichotengeneza nyumbani kwao. Utakikalia wewe mwenyewe. Kikikubeba, mwenye nacho anaendelea. Kikivunjika, arudie."

Donati akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nikalie mimi?"

"Wewe."

"Bila msumari hata mmoja?"

"Bila msumari."

"Nimekubali. Na mashahidi hawa hapa."

Njiani kurudi nyumbani Paskazia alijitukana matusi yote anayoyajua, ya Kiswahili na ya Kipogoro.

Shida ya kwanza ilikuwa vipimo. Zana si neno. Panga na shoka viko kila nyumba, na patasi walijitengenezea kwa kipande cha nondo kilichopondwa na kunolewa kwenye jiwe. Mbao pia zilipatikana, vipande vya mtiki vinavyobaki kwa wapasuaji. Lakini wenye rula walikuwa wawili. Utamwambiaje mtu kwa simu, "kata ulimi wa sentimita moja na nusu," wakati hana cha kupimia? Shubiri haifai, maana kiganja cha Beatus wa Kiberege ni kama sepeto na cha Nyamizi ni cha mtoto. Siku mbili Paskazia alizunguka nyumbani kwake akishika kila kitu. Sabuni? Inaisha. Kikombe? Kila nyumba na chake. Kitu gani kiko kila jiko la bonde hili, na kote kina ukubwa uleule?

Jioni ya siku ya pili alikuwa anawasha moto. Akabaki ameshika kijiti kinawaka mpaka kikamuunguza kidole.

Kiberiti! Maduka yote, kuanzia mjini mpaka kibanda cha mwisho njia ya Mlimba, yanauza kiberiti kilekile. Kesho yake asubuhi akaanza kupiga simu. Mguu, urefu viberiti saba. Kipingo, yaani ule mti mwembamba unaounga mguu na mguu, viberiti sita. Ulimi wa kipingo, unene wa kiberiti kikiwa kimelala. Tundu la mguuni, hivyohivyo, na ulimi upite mpaka uchungulie upande wa pili.

Beatus akauliza, "Mwalimu, kiberiti chenye njiti au kitupu?"

"Beatus, hata mimi sijui wewe ulifaulu vipi mtihani wa kuingia."

Shida ya pili ndiyo iliyomtoa usingizini. Watakata, sawa. Atajuaje kama wamekata vizuri? Kiungo cha mbao unakitazama, unakitikisa, unapitisha ukucha. Kwenye simu utatikisa nini?

Hapo akamkumbuka marehemu baba yake, ambaye alikuwa anachonga mitumbwi Kivukoni. Mtumbwi ule ni gogo zima linalochimbwa, na ukichimba kupita kiasi umeharibu mti na kazi ya mwezi. Mzee alikuwa akichonga kidogo, anagonga kwa konzi, anasikiliza, anachonga tena. Paskazia akiwa mdogo alidhani baba anapiga hodi. Leo ndiyo akajiuliza kwa mara ya kwanza: alikuwa anasikia nini hasa?

Akatengeneza viungo vitatu: kimoja kimelegea, kimoja sawasawa, kimoja kimebana mpaka kimepasuka. Akampa Viktor, mtoto wa jirani, pamoja na simu ya pili, akampeleka nyuma ya nyumba.

"Gonga kimoja, usiniambie ni kipi."

"Na nikikosea?"

"Huwezi kukosea, Viktor, unagonga tu!"

Siku ya kwanza Paskazia alipatia mara nne katika kumi. Viktor alifurahi mno kumwambia "umekosaaa" kila mara. Siku ya nne alipatia tisa. Kilicholegea kilikuwa na sauti mbili, ta-ka, ya pili ikiifuata ya kwanza kwa karibu sana. Kilichopasuka kilikwaruza. Kilicho sawa kilitoa sauti moja tu, *ta*, safi, kama umegonga mti mzima. Paskazia alikaa chini akacheka peke yake. Miaka kumi na saba anafundisha kuunga mbao na hajawahi kuzisikiliza!

Ndiyo zikaanza zile kelele za barazani. Muda ulikuwa saa moja asubuhi, kabla wanafunzi hawajaenda mashambani, maana mpunga ulikuwa unaiva na vijana wote walikuwa wanaamia ndege. Wiki ya kwanza wote walikuwa ta-ka, ta-ka. Akawaelekeza, wakarudia. Wiki ya tatu wakaanza kutulia mmoja mmoja. Beatus: moja. Evod: moja. Yoramu, mtundu kuliko wote, hata yeye: moja. Sauti zao zilikuwa nzito kidogo kuliko ya kile kiungo chake cha uani, lakini aliisingizia simu.

Nyamizi peke yake alipigiwa jioni, baba yake akishawarudisha ng'ombe, kwa sababu simu ilikuwa ya baba. Jioni ya kwanza kiungo chake kilitoa sauti moja, nzito. Paskazia akamwambia, "Hongera, endelea na vingine."

Wiki iliyofuata akampigia tena. Ta-ka.

"Nyamizi, umebadilisha kipingo?"

"Hapana, mwalimu, ni kilekile."

"Gonga tena." Ta-ka. Kimelegea, tena vibaya.

Kesho yake jioni: moja, nzito. Keshokutwa: ta-ka. Paskazia akasahau kula. Kiungo gani hiki kinacholegea leo na kukaza kesho? Akauliza mti gani. Mtiki, kama wa wenzake. Akauliza kimewekwa wapi mchana. Nyamizi akasema anakikalia kwenye dungu akifukuza ndege. Jua likoje? Jua ni kali, mwalimu. Unakibeba vipi? Kichwani. Kuna mtu mwingine anakikalia? Mdogo wangu, mara mojamoja. Kila swali lilijibiwa kwa heshima na kila jibu halikusaidia kitu. Mwisho Nyamizi naye akauliza, "Mwalimu, kwani kuna nini?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nauliza."

Mara radio ikatangaza: vyuo vinafunguliwa Juni mosi. Zilibaki siku kumi. Asubuhi yake Paskazia alitoka uani akiwa na mswaki mdomoni, akamwona Mama Viktor anatoa jembe kwenye ndoo ya maji.

Jambo hilo alikuwa ameliona tangu anazaliwa. Jembe likilegea kwenye mpini, unaliloweka usiku kucha. Asubuhi mti umevimba, jembe limekaza, unakwenda shamba. Nani asiyejua? Kila nyumba ya bonde hili inafanya hivyo, na likikauka mchana likalegea, jioni unaliloweka tena. Mswaki ukamwanguka.

"Mama Viktor! Hilo jembe!"

"Limefanyaje?"

"Wanaloweka! Wale watoto wanaloweka!"

"Sasa wasipoloweka litakaza vipi?" Mama Viktor akauliza, akishangaa kwamba mwalimu wa mbao hajui hata hilo.

Paskazia alipiga simu akiwa na povu la dawa ya meno kidevuni. Beatus, umeloweka? "Ndiyo, mwalimu. Si kila siku usiku?" Evod? "Ndiyo." Yoramu? "Hata bibi ndiye alinikumbusha." Kati ya kumi na mmoja aliowapata, tisa walikuwa wamelaza vigoda vyao ndoani kila usiku, na hakuna aliyeona kuna haja ya kumwambia, kwa kuwa nani anamwambia mwalimu wake kwamba maji yanalowesha? Na yeye, na lile sikio lake alilojisifia kwa Viktor, aliwasikiliza saa moja asubuhi, mbao bado zimevimba, akawapa hongera mmoja baada ya mwingine. Aibu ilimshika. Alikuwa amewapitisha watoto kwenye viungo vya maji, na Donati angevikalia mchana wa jua.

Dawa ilikuwepo. "Sikilizeni: toeni vipingo vyote, viwekeni darini jikoni, juu ya moto, pale mnapoweka mbegu. Siku sita. Vikikauka, vikalegea, ndiyo sawa, msiogope. Chana ncha ya ulimi katikati, ingiza kwenye tundu, halafu pigilia kabari upande wa nje. Kabari iwe kavu! Nayo ikae darini siku zote hizo." Aliyarudia haya mara kumi na moja, mpaka sauti ikakauka.

Wa kumi na mbili alikuwa Nyamizi. Simu haikupatikana. Jioni, haikupatikana. Siku ya tatu akapata habari kwa Evod, ambaye kwao ni kijiji cha jirani: Masanja amehamisha ng'ombe kuelekea mtoni kutafuta malisho, na simu amekwenda nayo. Evod mwenyewe alitumwa apeleke ujumbe, akakuta daraja la miti limechukuliwa na maji. Paskazia alipiga namba ile asubuhi, mchana na jioni, siku zote zilizobaki, mpaka yule mwanamke anayesema "haipatikani" akamchukia. Yule aliyemfungua macho ndiye pekee ambaye hakuweza kumwambia alichokiona. Usiniulize alilala vipi.

Juni mosi. Vigoda kumi na kimoja vilipangwa mbele ya karakana. Nyamizi hakuwepo. Donati alikuja na orodha na kalamu, akanawa mikono kwenye ndoo ya getini, akaanza. Paskazia aligonga kila kimoja kwanza. Cha Beatus: *ta*. Donati akakaa, akajizungusha, akanyanyuka, akatia alama ya vyema. Cha Evod kililia kidogo, kikabeba. Hivyohivyo mpaka kumi. Cha kumi na moja kilikuwa cha Yoramu. Paskazia akagonga, akasikia mkwaruzo, akafungua mdomo kusema, lakini mkuu alikuwa ameshajiachia.

Kiti kilifumuka pande zote nne. Donati akaenda chini na orodha yake.

Hakuna aliyecheka. Nasema uongo, Beatus alicheka, akajifanya anakohoa, na mwaka ule kukohoa hadharani ilikuwa kosa kubwa zaidi. Yoramu alikiri mwenyewe kwamba kabari aliikata asubuhi hiyohiyo kwenye mti mbichi. Atarudia mwaka, na machozi yalimlengalenga.

"Nimemaliza," Donati akasema akijipangusa vumbi. "Sikai tena kwenye kitu cha mtu."

Ndipo Nyamizi akaingia getini, miguu imejaa vumbi, kigoda kichwani. Lori lililompakia liliharibika, mwendo uliobaki amekuja kwa mguu. Akapiga goti, "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mkuu."

Paskazia hakuitikia hata marahaba. Alikitazama kigoda. Kila kona, pale mguu unapokutana na kipingo, palikuwa pamefungwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, manyoya yake mekundu bado yapo, umezungushwa mara nne na kukauka mpaka umekuwa mgumu kama pembe.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Maswali yako, mwalimu. Uliniuliza sana kuhusu jua. Nikaloweka kipingo kimoja, kingine nikaacha, nikavigonga asubuhi na jioni. Nikaona maji ndiyo yananidanganya: jioni niliyowahi kukiloweka kabla hujapiga kilikaza, nisipowahi kililegea. Nyumbani mpini ukipasuka tunauvisha ngozi mbichi. Ngozi yenyewe ikikauka inakaza, haifanyi kama mti. Dume la baba lilivunjika mguu kule mtoni tulikohamia, akalichinja. Nikamwomba ngozi. Akakataa, alisema ni ya kulalia."

"Halafu?"

"Nikamweleza ni ya nini. Jioni akaikata kanda yeye mwenyewe."

Paskazia akapitisha kidole kwenye fundo. Lilikuwa limevutwa kwa nguvu ambazo Nyamizi hana. "Na nani alivuta?"

"Baba. Alikanyaga kiti kwa mguu, akavuta."

Paskazia akafumba macho, akagonga. Sauti ilikuwa moja, lakini haikuwa *ta*, wala ile nzito ya maji. Ilikuwa fupi, imejikunja, na hakuwahi kuisikia maishani mwake. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu, kwa hamu tu ya kuisikia.

"Mwalimu, vipi?" Donati akauliza. "Ni nzuri au mbaya?"

"Hii siijui," Paskazia akasema. "Tulikubaliana ukalie."

"Nimesema sikai."

"Mkuu, tulisema kila mmoja. Mashahidi hawa hapa."

Donati akawatazama mashahidi. Akakishika kigoda, akakigeuza, akatafuta msumari, hakuona. Akakiweka chini, akakaa robo, mikono imeshika magoti tayari kuruka. Akakaa nusu. Nyamizi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwani. Donati akashusha pumzi na uzito wake wote. Kigoda hakikusema kitu. Akajizungusha kulia, akajizungusha kushoto, akanyanyua miguu yote miwili juu. Kimya.

Wote walingoja anyanyuke. Hakunyanyuka. Akaomba kalamu yake iliyokuwa imedondoka, akaiweka orodha juu ya goti, akalitafuta jina la Nyamizi binti Masanja, akatia vyema, akiwa bado amekikalia.